Mumo Amerudi Masomoni

Mdogo wangu Mumo amekosekana mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu moja ya mwezi wa nne. Ijumaa alikuwa amefanya mtihani wake wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Iveti, mtihani wa Ukaguzi wa Hesabu. Jumatatu asubuhi akapanda boda boda kwenda mjini Machakos kuchapisha barua za kuomba kazi. Lori la mchanga likaingia upande usio wake. Mwenye boda boda alivunjika mkono. Mumo akafa.

Mara ya pili ilikuwa wiki hii. Nilikuwa mbele ya ubao wa matangazo chuoni, nikipitisha kidole tena na tena kwenye majina ya wahitimu wa Uhasibu, na jina la Mumo Kilonzo halimo. Ndipo mkono ukanigusa begani.

"Dada, usilitafute hilo jina. Hutalipata."

Niligeuka.

Alikuwa kijana mwenye koti la kijani la duka la vifaa vya ujenzi. Ncha za misumari zilikuwa zimetoboa mfuko.

"Mimi ni Muli," akasema. "Nilikuwa kiongozi wa darasa. Nilikaa karibu na Mumo tangu mwaka wa kwanza. Wewe ni Ndinda, dada yake. Alikuwa anakuogopa."

"Mumo hakuwa ananiogopa."

"Alisema ukikasirika unanyamaza."

Nikanyamaza.

"Hivyo tu," akasema Muli.

"Jina liko wapi?"

"Ako na missing marks. Somo moja. Ukaguzi wa Hesabu."

Kwa wale ambao hawakufika chuo kikuu, kama mimi, nieleze. Mwanafunzi anaweza kuufanya mtihani, akaupeleka mbele, akatoka nje akanywa chai, na alama yake isionekane tena popote. Ikikosekana alama ya somo moja, hahitimu. Kwa wahasibu, alisema Muli, inayopotea mara nyingi ni ya Ukaguzi. Hakucheka alipolisema hilo. Mimi pia sikucheka.

"Kitabu cha mahafali kinaenda kuchapishwa leo jioni," akaendelea. "Mahafali ni Ijumaa. Jina lisipoingia leo, ni mwaka ujao. Na mwaka ujao nani atamkumbuka?"

Mama atamkumbuka. Siku ya mazishi mama hakuomba mengi. Alisema, "Kazi hatatafuta tena. Lakini ile aliyoifanya, waiandike." Na baba, Mzee Laban, ambaye ni mzee wa kanisa na hajawahi kumdanganya hata kondakta, akasimama kando ya kaburi akawaahidi watu wa kijiji chetu cha Mumbuni kwamba kitabu cha mahafali kikitoka, atalisoma jina la mwanawe mbele ya kanisa.

Mumbuni walimpenda Mumo kwa njia yao. Tangu alipoingia chuo na kusema anasomea uhasibu, walimfanya mweka hazina wa kila kitu: kwaya, kamati ya maji, chama cha akina mama, na kila kamati ya mazishi. Alipofariki, kamati ya mazishi ilikaa kwetu. Mwenyekiti akaomba. Katibu akafungua daftari. Kisha wote wakainua macho kumtafuta mweka hazina.

"Twende ofisini," nikamwambia Muli.

Tukaenda.

"Wewe umepata kazi?" nikamuuliza njiani.

"Niko nayo. Napima misumari, duka moja huko Tala."

"Na wenzako?"

"Mmoja yuko kiwanda cha nguo cha EPZ, Athi River. Anakata nyuzi za suruali. Mumbua anauza laini za simu. Kilonzo mwingine, si wenu, yuko benki."

"Huyo amefanikiwa."

"Anafungua mlango."

"Si mlisoma miaka minne?"

"Ukienda na digrii wanaitisha cheti cha CPA. Ukienda na CPA wanaitisha uzoefu. Ukienda na uzoefu wanakuuliza mbona umezeeka hivi."

Baba aliambiwa na watu wengi kwamba mhasibu hakosi kazi. Ni kweli. Siku hiyo nilisikia habari za wahasibu katika kila aina ya kazi.

Ofisi ya idara ilikuwa na mama karani anayemenya chungwa.

"Tumekuja kwa sababu ya alama iliyopotea," nikasema. "Ya Mumo Kilonzo."

"Mwanafunzi aje mwenyewe."

"Amefariki."

"Woi, pole sana." Akamenya kidogo. "Aandike barua basi."

"Mama," akasema Muli kwa upole, "mwanafunzi ni marehemu."

"Nimesikia. Fomu ya alama hujazwa na mwenye alama. Sasa nyinyi mnataka nijaze mimi? Mimi sikufanya mtihani." Akaligawa chungwa, akanipa nusu. "Jaribuni mwalimu wake."

Mwalimu wa Ukaguzi anaitwa Kang'ethe. Anafundisha hapa, anafundisha kwingine, na siku zilizobaki anafundisha kwingine tena, bila kuajiriwa popote. Muli akampigia, akaweka simu kwa sauti kubwa.

"Niko darasani. Sema haraka."

"Ni Muli, mwalimu."

"Muli gani? Wa Machakos ama wa Kitui?"

"Wa Machakos. Ni juu ya Mumo Kilonzo."

Kisha sauti ikapungua ukali.

"Yule aliyekuwa ananisahihisha nikiwa mbele ya watu? Alifanya vizuri kuliko wote."

Nikaichukua simu. "Mwalimu, mimi ni dada yake. Alama iko wapi?"

"Ninayo. Niliiingiza kwenye mfumo, mfumo ukaikataa. Uliniandikia: Mwanafunzi ni marehemu, alama haihitajiki."

"Na ukafanya nini?"

"Nilisikitika. Kisha nikaenda kwa jina linalofuata."

Kwa hivyo, msomaji, alama haikupotea. Ilikuwapo, na mwalimu alikuwa nayo. Ilikosa tu mtu wa kupewa.

Muli akanishika mkono, tukapanda ngazi hadi chumba cha kompyuta za masjala. Saa ilikuwa inaelekea jioni. Ndani alikuwepo mtu mmoja mwenye tai na kikombe cha chai ya turungi. Jina lake Justus. Yeye ndiye aliyekuwa anasubiriwa na mchapishaji wa kitabu.

Akaandika jina. Akasoma. Akatikisa kichwa.

"Mtu hafai kufa kabla ya alama kuingia," akasema, kama daktari anayemwonya mgonjwa.

"Hakupanga," nikasema.

"Najua. Lakini shida si kufa. Shida ni kuripoti. Familia nyingi huja mwaka unaofuata, zingine haziji kabisa. Hapa niko na marehemu wengi wanaoendelea na masomo vizuri tu. Huyu wenu aliripotiwa hata kabla hajazikwa."

"Aliripotiwa na nani?"

"Namkumbuka sana. Mzee mmoja, suti ya kahawia, kofia mkononi. Kibali cha mazishi alikuwa amekiweka ndani ya Biblia kisikunjike. Nikamwambia, mzee, hakuna haraka. Akasema, hapana, mtoto akiondoka shuleni mwalimu aambiwe. Akatushukuru, akaenda zake."

Suti hiyo ya kahawia huwa naipiga pasi mimi.

Muli akanitazama. Alikuwa ameelewa. Mzee aliyeahidi kulisoma jina kanisani ndiye aliyekuwa ameliondoa, kwa mguu wake, kwa ukweli wake.

"Baba asijue," nikamwambia Muli.

"Hatajua."

"Apa."

"Siapi. Lakini hatajua."

Nikamgeukia Justus. "Unaweza kufanya nini?"

"Naweza kumrudisha akiwa hai. Mwalimu aingize alama, jina litokee, nilitume kwa mchapishaji. Lakini mfumo lazima uambiwe sababu ya kumrudisha." Akageuza kioo cha kompyuta tukakiona. "Sababu ziko tatu. Amemaliza adhabu. Kifo kiliripotiwa kimakosa. Amerudi kutoka likizo ya ugonjwa."

"Ya adhabu inafanya nini?"

"Adhabu inabaki kwenye rekodi yake. Watu wa kazi wakiuliza, wataambiwa."

"Hakuna kazi ataomba."

"Inabaki tu."

"Na ya makosa?"

"Hiyo ndiyo rahisi. Lakini aliyeripoti huitwa hapa kueleza kwa nini alitudanganya."

Akilini nikamwona baba amekaa kwenye kiti cha mbao mbele ya Justus, kofia mkononi, akieleza kwa nini alidanganya.

"Weka ya tatu," nikasema.

"Alikuwa mgonjwa?"

"Kwa muda mfupi sana."

Justus akabonyeza. Kioo kikafikiri. Kisha kando ya jina la mdogo wangu likatokea neno moja: Hai.

Tangu mwezi wa nne hakuna aliyekuwa ameliweka neno hilo karibu na jina lake. Nilitamani Justus asibonyeze kitu kingine kwa muda. Lakini alikuwa na kazi.

"Mwambieni mwalimu aingize sasa."

Muli akapiga. Kang'ethe akasema yuko darasani. Muli akamwambia alama inaingia kwa simu, haihitaji ofisi. Kang'ethe akasema mtandao wa hapo ni wa kuombea. Nikaichukua simu.

"Mwalimu," nikasema, kisha nikanyamaza.

"Hallo? ... Hallo? ... Sawa, sawa, natoka nje. Wanafunzi, kaeni kimya, narudi."

Tukasikia mlango, hatua, na mtu anayepumua. Kisha kwenye kioo cha Justus alama ikaingia. Jina likashuka mahali pake. Muli, Mumbua, Mumo. Justus akalituma.

"Imeenda," akasema. "Sasa yuko kwenye kitabu."

Muli alinyanyua mkono tugongane viganja, akakumbuka nimefiwa, akaushusha. Nikaupiga hivyo hivyo.

"Asante sana," nikamwambia Justus. "Kweli umeisomea kompyuta."

"Kompyuta? Mimi nilisomea uhasibu. Hapa hapa."

Tulikuwa tumefika mlangoni aliposema, "Kuna vitu viwili."

Tukasimama.

"Kwanza, kwa vile yuko hai, amepangiwa kiti na gauni. Kiti kikibaki wazi Ijumaa, cheti kitarudi kwangu mpaka mwenyewe aje aeleze alikuwa wapi."

"Mwenyewe hawezi kuja."

"Najua. Ndiyo sababu nawaambia."

"Si turipoti tena amekufa?" akauliza Muli.

"Ripoti leo, atoke kwenye kitabu leo. Ripoti Jumatatu."

"Na cha pili?" nikauliza.

"Cha pili ni kizuri. Mtu akirudi kutoka likizo ya ugonjwa, mfumo wenyewe unamtumia mzazi ujumbe. Afurahi." Akasoma kwenye kioo. "Mzazi mpendwa, mwanao Mumo amerudi masomoni. Tunamtakia afya njema. Umeenda kwa Laban Kilonzo."

Sikumbuki kushuka ngazi.

Nilipofika Mumbuni kitu cha kwanza kukiona kilikuwa godoro. Godoro la Mumo, ambalo halikuwa limeguswa tangu mwezi wa nne, lilikuwa nje limelazwa juu ya uzio, linapigwa na jua la mwisho. Mama alikuwa analigonga kwa fimbo, vumbi linatoka.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba. "Unafanya nini?"

"Unaona nini? Naanika godoro."

"Mama, ule ujumbe..."

"Siuamini," akasema. Akaligonga tena. "Mimi ndiye niliyemwosha. Siuamini hata kidogo. Lakini godoro lilihitaji jua."

Baba alikuwa amekaa mlangoni na miwani usoni. Simu ilikuwa juu ya goti lake, kioo kikitazama juu.

"Ndinda. Keti."

Nikaketi.

"Chuo kinasema Mumo amerudi."

"Mashine imekosea, Nau," nikamwambia baba.

"Mashine haisemi kitu mpaka iambiwe. Nani ameiambia?"

Nikatazama chini. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Ili jina liingie kwenye kitabu."

"Lilikuwa limetoka?"

Hapo nikafanya kosa la kunyamaza. Baba ananijua kuliko Mumo alivyonijua.

"Lilitoka kwa sababu waliambiwa amekufa," akasema polepole. Alivua miwani. "Kabla hawajaandika kazi yake. Na aliyewaambia ni mimi."

"Nau, hukujua."

"Yule kijana mwenye tai aliniambia hakuna haraka. Aliniambia mara mbili. Nikadhani ni mvivu."

Mama aliacha kugonga. "Uliwaambia ukweli, Laban."

"Niliwaambia ukweli mapema sana."

Hakulia. Alipangusa miwani kwa ncha ya shati, kioo kimoja, kisha kingine, kisha kile cha kwanza tena. Kuku walipita wakaingia ndani na hakuna aliyewafukuza.

"Jina sasa liko?" akauliza.

"Liko. Limeshaenda kuchapishwa."

"Na huko chuoni wanajua yuko hai?"

"Wanajua hivyo."

Akavaa miwani.

"Basi mara hii," akasema baba, "tusiwaambie."

Nikamweleza habari ya kiti. Sikutaka, lakini siku hiyo nilikuwa nimeshashindwa kuficha yote mengine. Alisikiliza kama anavyosikiliza kesi za kanisa, kichwa upande mmoja.

"Anayekaa hapo anaulizwa nini?"

"Haulizwi kitu. Wahasibu wataambiwa wasimame, mkubwa wa chuo aseme maneno yake, wakae."

"Hakuna atakayeuliza kama yeye ni Mumo?"

"Hakuna."

"Basi si uongo. Ni kusimama tu. Nitasimama mimi."

Mama akaweka fimbo chini. "Wewe, mzee wa kanisa? Na Biblia yako mkononi?"

"Biblia nitaiacha nyumbani."

Leo ni Alhamisi. Muli amekuja na boda boda kutoka Tala, gauni amelikumbatia kama mtoto mgonjwa.

"Nimelisainia," akasema. "Nimeandika: Mumo Kilonzo. Karani aliniuliza kama nimepona, nikasema najisikia afadhali."

Baba amelijaribu. Mumo alikuwa mrefu, alifuata upande wa mama, na gauni linamfunika baba hadi kwenye viatu. Gauni ni la chuo, lazima lirudishwe Jumatatu halijakatwa, kwa hivyo mama anakunja upindo kwa uzi wa hatua ndefu unaofumuka kwa kuvutwa mara moja. Amemwambia baba asimame wima. Baba amesimama wima.

"Mzee, umependeza," akasema Muli. "Mimi nitakuwa mbele yako kidogo, katikati yetu ni Mumbua. Nikisimama, simama. Nikikaa, kaa. Mumbua akijaribu kukuuzia laini, kataa."

"Niko na laini," akasema baba.

Kisha Muli akakuna kichwa. Nimeshamjua sasa. Akikuna kichwa kuna kitu.

"Kuna kitu sikuwaambia," akasema. "Langoni, wanaoingia na gauni wanaonyesha kitambulisho cha mwanafunzi."

Kitambulisho cha Mumo kiko kwenye droo ya kabati. Nilikitoa nikakiweka mezani. Kina picha. Kwenye picha ana miaka kumi na tisa, amenyoa vizuri, na anajaribu kutocheka.

Baba alikiinamia akakitazama. Mama akaacha kushona.

"Pengine mlinzi hataangalia," nikasema.

"Huyo wa lango kubwa?" akasema Muli. "Anaangalia kila kimoja, mbele na nyuma. Mtu makini sana. Naye alisomea uhasibu."

Lango linafunguliwa kesho saa moja asubuhi, nasi tutakwenda hivyo hivyo. Suti ya kahawia nimeshaipiga pasi. Baba ataivaa ndani ya gauni.